Kutoka Gogo Moja hadi Mbao Zilizobanwa

Kwa vizazi vingi, ufundi wa mbao katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa ulitegemea gogo moja, kwani mtumbwi ulichongwa mzima bila kiungo wala gundi. Baada ya wamisionari wa Kijerumani kuingia Unyakyusa, nchi ya Wanyakyusa kwenye mwambao huo, mwaka 1891, useremala wa mbao zilizopasuliwa kwa msumeno ulienea, na pamoja nao haja ya klampu, yaani kibanio cha skrubu kinachokaza mbao hadi gundi ikauke. Klampu ndefu ya chuma hufaa meza pana, ilhali kamba na kabari hutosha kazi ndogo; lakini katika wilaya ya Kyela, kwenye mwambao huohuo, ambako mvua ni nyingi, mbao zisizokaushwa vizuri hufumuka hata zikibanwa kwa ustadi.