Apareyi za telemetre: namna ya kuchagua objektifu na kuitumikisha bila kupoteza filme

Filme moja ya kawaida inatoa foto 36. Mutu anaweza kupiga zote 36, kusikia apareyi inalia vizuri, kuona kila kitu wazi kupitia dirisha, halafu wakati filme inaoshwa anakuta nyuso zote ziko na ukungu, ao hakuna kitu kabisa. Kwa apareyi za telemetre jambo hilo linatokea mara nyingi, na sababu yake ni moja: jicho la mupiga foto halipite ndani ya objektifu.

Leo filme ni ghali, na kuiosha pia kunaomba pesa. Kwa hiyo, mwenye kurizi apareyi ya babu yake, ao mwenye kutumiwa moja na ndugu aliye Ulaya, anafaa kujua mambo haya mbele ya kununua objektifu.

Telemetre inafanya kazi namna gani?

Kwa apareyi ya kioo, ile wanaita refleksi, kioo kidogo kinaleta kwenye jicho picha ileile inayopita kwenye objektifu. Kama haiko wazi, mupiga foto anaona mara moja. Apareyi ya telemetre haina kioo hicho. Iko na madirisha mawili mbele. Katikati ya dirisha la kuchungulia kunaonekana kiraka kidogo chenye picha ya pili. Mupiga foto anazungusha objektifu mpaka picha mbili zinakuwa moja. Hapo njo umbali umepimwa.

Ndani ya apareyi, mukono mudogo wa chuma unagusa sehemu ya nyuma ya objektifu na kufuata mwendo wake. Kama objektifu haikutengenezwa kwa ajili ya mukono huo, kiraka kitadanganya. Dirisha lenyewe litaendelea kuonyesha kila kitu safi, hata kama kifuniko kingali kwenye objektifu.

Apareyi iliyofungua njia ni Leica, kazi ya Oskar Barnack kwenye kampuni ya Ernst Leitz, mji wa Wetzlar, Ujerumani. Ilionyeshwa kwa watu huko Leipzig mwaka 1925. Mwaka 1932 Leica II ilitoka na telemetre iliyounganishwa na objektifu, na mwaka huohuo Zeiss Ikon ikatoa Contax. Kutoka hapo zilizaliwa jamaa mbili ambazo haziingiliane.

Jambo la kwanza: mudomo wa objektifu

Kabla ya kuuliza bei, uliza objektifu inafungwa namna gani.

Jamaa ya kwanza ni ya vis, yenye upana wa milimetre 39. Inaingia kwenye Leica za zamani, Canon za telemetre za Japani, na pia FED za Kharkiv na Zorki za Krasnogorsk, karibu na Moscow.

Mwaka 1954 Leica M3 ilileta mufungo mupya wa bayoneti, unaoitwa M. Objektifu ya vis inaweza kutumika kwenye apareyi ya M kwa kuweka pete nyembamba ya milimetre 1 katikati. Lakini objektifu ya M haiwezi kurudi kwenye apareyi ya vis, kwa sababu itakaa mbali sana na filme.

Jamaa ya tatu ni ya Contax. Kisha vita ya pili ya dunia, Wasovieti walichukua mashine za kutengeneza Contax, na kuanzia mwaka 1947 apareyi ya Kiev ikaanza kutoka. Nikon za telemetre ziko na mufungo unaofanana sana na huo, lakini mwendo wa kupima umbali haulingane. Objektifu za milimetre 50 na kuendelea zitakosa shabaha ukipiga karibu na tundu wazi.

Kuna mitego miwili hapa. Wa kwanza: Jupiter-8, objektifu ya Kisovieti inayopatikana kwa bei nafuu, ilitengenezwa kwa vis na pia kwa Kiev. Jina ni moja, mudomo ni mbili. Wa pili: Zenit za kwanza, ambazo ni refleksi, ziko pia na vis ya milimetre 39. Objektifu yake itaingia vizuri kwenye FED ao Zorki, hata haitacheza. Lakini ilipimwa kwa apareyi nene zaidi, na haisukume ule mukono wa telemetre. Foto zote zitaharibika.

Jambo la pili: milimetre ngapi?

Objektifu ya milimetre 35 iko na hesabu nyepesi: upana wa foto unakaribia kuwa sawa na umbali wako. Ukisimama mita 3 mbele ya watu, utapata upana wa mita 3 hivi. Ni nzuri kwa soko, arusi, ao mukutano ndani ya nyumba ndogo. Ya milimetre 50, pa mita 3 itachukua upana wa mita 2 na kidogo. Hiyo njo ya kuanza nayo, kwa kuwa apareyi nyingi ziko na dirisha lake tayari. Ya milimetre 90 itachukua upana wa mita 1 na kidogo, na inafaa kwa uso wa mutu.

Angalia pia dirisha la apareyi yako. Leica M3 inaonyesha mipaka ya 50, 90 na 135. M2 iliyokuja nyuma yake inaonyesha 35, 50 na 90. FED na Zorki nyingi zinaonyesha 50 tu. Ukitia 35 juu ya FED, utahitaji dirisha lingine la kuweka juu ya apareyi, na hilo nalo linauzwa. Piga hesabu ya vyote viwili.

Tundu kubwa si lazima

Watu wengi wanatafuta objektifu yenye diyafragma kubwa, ni kusema tundu pana la kuingiza mwangaza. Inasaidia giza likianza kuingia, lakini kosa dogo linaonekana zaidi. Kwa objektifu ya 50, tundu f/2, umbali wa mita 1, sehemu iliyo wazi ni sentimetre 5 hivi. Macho yatakuwa safi, masikio hapana. Kama telemetre imesogea kidogo, hata macho yatapotea.

Mchana, jua likiwa kali, njia ya wapiga foto wa barabara ni rahisi: objektifu ya 35, tundu f/8, pete ya umbali kwenye mita 5. Kila kitu kuanzia mita 2 na nusu mpaka milima ya mbali kitakuwa wazi vya kutosha. Hakuna haja ya kutafuta kiraka tena. Kwa objektifu ya 50 na tundu hilohilo, weka mita 10. Utapata wazi kuanzia mita 5.

Ukipiga mutu karibu sana, acha nafasi juu ya kichwa chake. Dirisha liko pembeni ya objektifu na juu yake, na apareyi nyingi za bei ndogo hazirekebishe tofauti hiyo. Hapo njo vichwa vinakatwa.

Jua linachoma pazia

Leica, FED na Zorki ziko na pazia la kitambaa mbele ya filme. Kwa kuwa hakuna kioo cha kulikinga, objektifu iliyoelekezwa kwenye jua inafanya kama lupe ya watoto wanaochoma karatasi. Pazia litatoboka, na kila foto itakuwa na alama nyeupe. Kiev na Contax ziko na pazia la chuma, hazina shida hiyo sana.

Ukitembea nayo mchana, geuza objektifu kwa tumbo lako, ao funga tundu mpaka f/16, ao weka kifuniko. Ukiweka kifuniko, kumbuka kwamba dirisha halitakuambia kwamba kingali pale. Wengine wanakifunga na kamba ili waone kikining'inia.

Unyevu na vumbi

Wakati wa mvua, ukungu unaweza kuota ndani ya objektifu kama nyuzi za buibui. Mufuko wa ngozi unashika unyevu, kwa hiyo usiache objektifu humo miezi mingi. Iweke pakavu, penye hewa na mwangaza, pamoja na vipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Kwa wakaaji wa Goma, vumbi la mawe ya volkano ni gumu na linakwaruza. Puliza kwanza, kisha tumia burashi laini. Kitambaa kinakuja mwisho.

Mbele ya kutoa pesa

Angalia objektifu ukiielekeza kwenye mwangaza, tundu likiwa wazi: nyuzi ndani yake ni ukungu. Zungusha pete zote. Zisiwe ngumu wala kulegea. Kisha ifunge kwenye apareyi, weka umbali kwenye alama ya mbali kabisa, na utazame kilima cha ng'ambo ya ziwa ao munara wa simu ulio mbali. Picha mbili za kiraka zinafaa kuwa moja. Kama zinaachana, ni apareyi ao objektifu inayoomba fundi, na bei inafaa kushuka.

Mwisho, piga filme moja ya majaribio: uso wa mutu pa mita 1, tundu wazi, na vitu vya mbali. Fanya hivyo kabla ya kukubali kazi ya arusi ya mutu.