Harambee, Ujamaa, Mulungushi: meli za mataifa manne

Mkulima wa Kebirigo, Kaunti ya Nyamira, hajawahi kulipa nauli ya meli kwa mkono wake. Anachuma majani mawili na chipukizi, anabeba kikapu hadi kituo cha kununulia, karani anapima, lori linaelekea kiwandani. Chai ikishakaushwa na kupakiwa katika magunia ya karatasi, inateremka hadi Mombasa, kwenye mnada uliohamishwa kutoka Nairobi mwaka 1969. Hata hivyo nauli analipa. Mnunuzi wa Pakistan au Misri hupiga hesabu ya meli kabla ya kutaja bei; nauli ikipanda, bei ya chai hubanwa, na bonasi ya mkulima nayo hupungua.

Nauli hiyo ilipangwa na nani? Enzi za uhuru ilipangwa na miungano ya kampuni za Ulaya, zilizokubaliana bei na zamu za safari zenyewe kwa zenyewe. Mwaka 1966 Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia ziliunda shirika lao la meli, pamoja na kampuni ya Southern Line. Meli zikaitwa Harambee, Ujamaa, Uganda na Mulungushi, na Zambia, isiyo na pwani, ikawa na jina lake baharini.

Mwaka uliofuata serikali hizohizo zikaunda chombo kingine, ISCOS, chenye makao Mombasa: hakikumiliki meli, kazi yake ilikuwa kuketi mezani na miungano ile na kubishana juu ya nauli. Mwaka huohuo vita vikafunga Mfereji wa Suez, ambao haukufunguliwa hadi 1975, na safari ya Ulaya ikarefuka.

Kwa maoni yangu ISCOS ndiyo iliyokuwa busara kubwa zaidi. Meli ni mtaji, na makontena yalikuwa yanakuja kuzifanya meli za kupakia gunia kwa gunia zipitwe na wakati. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977. Shirika la meli likafungwa 1980. ISCOS ilibaki.

Kenya ikajaribu peke yake. Shirika la Taifa la Meli liliundwa 1987, likabeba mizigo kwa meli za kukodi. Baadaye kampuni ya meli ya MSC ya Uswisi ikawa mbia. Sheria ya usafiri wa meli ya 2009 ilizuia wenye meli kuendesha vituo vya bandari. Mwaka 2019 Bunge likailegeza ili mbia huyo aweze kuingia katika kituo cha makontena Mombasa, na wafanyakazi wa bandari wakapinga vikali.

Mwishoni mwa 2023 Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli katika Bahari ya Shamu, mzigo wa Ulaya ukazungushwa Rasi ya Tumaini Jema. Njia ipi ipitwe, na nyongeza iwe kiasi gani, viliamuliwa Geneva, Copenhagen na Marseille, kwenye makao ya kampuni kubwa za meli.