Zirkoni Iliyoipa Magnesi Nguvu

Mwaka 1937, Franz Sauerwald, mtafiti wa kampuni ya I.G. Farbenindustrie ya Ujerumani, aligundua kwamba zirkoni kidogo tu ikitiwa kwenye magnesi iliyoyeyushwa, metali hiyo huganda ikiwa na punje, yaani fuwele zinazoiunda, ndogo mno. Bila zirkoni, punje hizo huweza kufikia milimita kadhaa.

Jambo hilo lilikuwa na uzito mkubwa. Waunda ndege waliipenda magnesi kwa sababu ni nyepesi kuliko alumini kwa takriban theluthi moja, lakini yenye punje kubwa hupasuka upesi. Punje zikiwa ndogo, nguvu huongezeka.

Siri imo kwenye umbo. Fuwele za zirkoni, kama za magnesi, zina pembe sita, na vipimo vyake vinatofautiana kwa takriban asilimia 1 tu. Zirkoni huyeyuka kwenye nyuzi 1,855 za Selsiasi, magnesi kwenye 650. Hivyo chembe ngumu za zirkoni hubaki ndani ya metali ya moto, na atomi za magnesi hujipanga juu yake. Punje nyingi huanza kwa pamoja na kubanana kabla hata moja haijakua.

Kazi ya kiwandani haikuwa nyepesi. Zirkoni ni nzito mara nne hivi kuliko magnesi iliyoyeyuka, kwa hiyo huzama kama sukari isiyokorogwa.

Kikwazo kikubwa zaidi ni alumini. Zirkoni hushikana nayo na kupoteza kazi yake, ilhali aloi nyingi za magnesi zina alumini, zikiwemo zilizotumika kwenye injini za Volkswagen Beetle. Kwa aloi hizo Wajerumani walijaribu kupandisha joto la metali kupita kiasi kabla ya kuimimina, kisha wakatumia kloridi ya chuma. Baadaye viwanda vikageukia kaboni, mara nyingi kwa kutia heksakloroethani, inayotoa moshi wenye sumu.

Aloi zenye zirkoni na zile zenye alumini zimeendelea kutengana. Aloi ya ZE41, yenye zinki, metali adimu na zirkoni, imetumika kusubu makasha ya gia za helikopta. AZ91, yenye alumini, husukumwa kwa shinikizo kwenye kalibu za chuma, ambako kupoa haraka peke yake hupunguza punje. Ikisubiwa kwenye kalibu za mchanga hupoa polepole, na hapo ndipo watafiti wangali wanatafuta chembe itakayofanya kazi ya zirkoni.