Bei, Thamani na Mahali pa Kulia

Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima katika Mkoa wa Simiyu, ni mji mdogo uliopata cheo chake baada ya wilaya hiyo kumegwa kutoka Bariadi mwaka 2012. Wilaya mpya huleta ofisi, na ofisi huleta watu walio mbali na majiko yao: makarani, walimu, wanunuzi wa pamba, na wageni wenye mashauri. Wengi wao hula kwa mama lishe. Ugali na sato wa Ziwa Victoria huandaliwa pia katika hoteli kubwa za Mwanza na Dar es Salaam, ila huko mlaji hulipa mara nyingi zaidi. Je, nyongeza hiyo ina haki? Swali hili hudhaniwa kuwa la wachumi peke yao. Lakini lugha ya Kiswahili imekwisha kulitolea ushahidi.

Kwanza yafaa kutazama maneno yenyewe. Kiswahili kilipokea kutoka Kiarabu maneno mawili yaliyo jirani, bei na thamani. Katika Kiarabu neno la kwanza ni tendo la kuuza, na la pili ni malipo ya kitu kinachouzwa. Waswahili waliyagawia kazi upya: bei ikawa kile anachokitaja muuzaji, thamani ikawa kile ambacho kitu chastahili. Ndiyo maana mtu aweza kusema kwamba kitu kina bei kubwa na thamani ndogo, wala msikilizaji asione kinyume. Methali isemayo "Rahisi ghali" imesimama juu ya mwanya huo huo, na ugomvi juu ya hoteli za fahari ni ugomvi juu ya upana wake.

Pwani, ukarimu ulizitangulia hoteli kwa karne nyingi. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, ameeleza kwamba mfanyabiashara mgeni alipokewa na mwenyeji, akakaa nyumbani kwake, na mwenyeji huyo ndiye aliyemuuzia na kumnunulia bidhaa. Yeye mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, alikuwa mgeni wa mtawala. Aliletewa wali uliopikwa kwa samli, wenye vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Na kando yake ndizi mbichi zilizopikwa katika maziwa, achari ya ndimu na pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Mlo huo ungeitwa wa fahari katika mji wowote, walakini haukuwa na bei. Malipo yalikuwapo kwa njia nyingine: mfanyabiashara alimwachia mwenyeji shughuli za biashara yake, na mwanachuoni alilipia kwa elimu yake.

Chakula chenye bei iliyotajwa kilikuja kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni mkahawa, ambao jina lake latokana na kahawa. Umbo la mgahawa limehifadhi lafudhi ya g isikikayo katika Kiarabu cha Ghuba. Hapo kikombe kilikuwa kidogo, na pamoja nacho mteja alipata baraza na habari. Mlango wa pili ni hoteli, pamoja na desturi ya mezani iliyokomaa Ufaransa. Huko Paris, katika miaka ya 1760, wauzaji wa mchuzi wa kurudisha nguvu, ulioitwa "restaurant", walifungua nyumba za kuunywea, na jina la mchuzi likahamia kwenye nyumba. Upya wake ulikuwa katika utaratibu: mteja na meza yake, saa aitakayo, na orodha ya vyakula yenye bei. Tangu mwanzo, basi, alinunua faragha na hiari pamoja na mchuzi.

Afrika Mashariki ilipopokea mtindo huo, ilipokea na jambo jingine. Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa Nairobi mwaka 1904. Kaiserhof ya Dar es Salaam, ambayo baadaye iliitwa New Africa, ilijengwa mwaka 1906. Katika hoteli za namna hiyo, wakati wa ukoloni, Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni. Alipika, alipakua, alitandika meza, kuketi hakukaribishwa. Lugha imeweka kumbukumbu ya hali hiyo: mtu mzima mwenye watoto aliitwa "boi", neno la Kiingereza la mtoto wa kiume. Leo mahali pake pameshikwa na mhudumu. Ubaguzi wa rangi ulipoondoka mlangoni, bei ilibaki, na mara nyingine yafanya kazi ile ile.

Mitaani lilizaliwa neno la namna nyingine. Mama ntilie limetokana na ombi la mlaji, "nitilie", yaani kitenzi tia katika kauli ya kutendea. Irabu ya kiambishi imeanguka, na ombi zima limekuwa jina la mtu. Hoteli ni jina la jengo, mkahawa umepewa jina la kinywaji. Mama ntilie ni jina la uhusiano wa watu wawili. Wengine waliona lina dharau, wakapendelea mama lishe.

Kwa ushahidi huo, bei ya mlo yaweza kugawanywa mafungu manne: chakula, kazi, mahali na cheo. Matatu ya kwanza yana thamani. Mpishi aliyejifunza kwa miaka, samaki aliyesafirishwa katika barafu, sahani safi, maji ya kunawa, na kiti ambacho mlaji hafukuzwi, vyote vina gharama, na ni haki kulipiwa. Fungu la nne, yaani kulipa ili wengine wasiingie, lina bei tupu. Kipimo chake ni hiki: je, mteja angelipa vivyo hivyo kama kila mtu angeweza kuketi meza ya pili?

Kipimo hicho hufaa pia kugeuzwa upande wa pili. Wasukuma hukata viazi vitamu vibichi na kuvianika viwe michembe. Au huvichemsha kwanza, ndipo wakavianika viwe matobolwa. Ni kazi ya siku nyingi za jua, na chakula chake hukaa miezi. Kazi hiyo huuzwa kwa bei ndogo sokoni, kwa kuwa haina cheo. Lagangabilili ikipata hoteli yake ya fahari, haki ya bei zake haitaonekana katika mapazia. Itaonekana katika fungu litakalomrudia aliyeanika viazi.