Gatsby: boflo la watu wanne

Chakula cha wanyonge ni nadra kuandikwa kilikoanzia, lakini hiki kina historia yake. Gatsby ni boflo refu la Cape Town, Afrika Kusini, na duka linalotajwa kuwa chimbuko lake ni Super Fisheries, la Rashaad Pandy, mtaani Athlone.

Ilikuwa 1976. Pandy aliwaahidi chakula vibarua waliomsafishia kiwanja, na dukani vilibaki vitu vichache tu: chipsi, vipande vya poloni na achari. Akavishindilia ndani ya mkate wa duara, akaukata mapande manne. Kibarua mmoja akauita "Gatsby smash", kwa jina la filamu iliyovuma siku hizo. Baadaye ukashikwa mkate mrefu, maana ule wa duara ulisumbua kuula.

Siku hizi hutiwa nyama ya masala, samaki au ngisi, na chipsi laini zilizolowa siki. Huwa hauli peke yako (nawajua watakaojaribu).

Linalonigusa mimi ni mahali penyewe. Athlone iko Cape Flats, ambako serikali ya ubaguzi iliwasukumia watu wasio wazungu, wakiwemo Waislamu wengi wa District Six, mtaa uliotangazwa kuwa wa wazungu 1966. Watu walionyang'anywa nyumba hata jina la mkate wao hawakulipoteza.

Sisi hapa viazi karai twavila kila jioni. Nimewauliza wazee watatu nani alianza kuviuza, na kila mmoja kanitajia mtaa wake.