Unataka Sola kwa Keja? Beba Tepu Kabla Ubebe Doo

Agosti 25, 2023, stima ilipotea Kenya karibu nzima, na kabla mwaka uishe ikapotea tena. Tangu hiyo time, wasee wengi wakiingia duka la sola wana swali moja: "Hii paneli ni ngapi?" Swali ni fiti, ila limeruka foleni. Lenye linafaa kutangulia ni hili: hii paneli itanipea stima kiasi gani ikishakaa juu ya mabati ya keja yangu hapa Mamboleo? Kati ya namba imeandikwa kwa stika na stima inafika kwa betri kuna pengo, na hapo kwa pengo ndipo wasee wa kanjanja hukulia fare yako.

Kugundua mchezo hakuhitaji digrii ya uhandisi. Unahitaji tepu ya fundi, kalkuleta ya simu na roho ngumu ya kuuliza maswali.

Ufanisi ni nini, na unakuhusu lini?

Ufanisi ni asilimia ya mwanga wa jua yenye paneli inageuza kuwa stima. Kiwandani, paneli hupimwa chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Paneli ya mita 2 za mraba yenye ufanisi wa asilimia 22.5 hutoa wati 450.

Sasa cheki hapa. Ukitumia paneli za asilimia 17, hizo wati 450 bado utazipata, ila utahitaji kama mita 2.65 za mraba. Wati ni wati. Chenye ufanisi unakuokolea ni nafasi.

Kwa hivyo kama una nyumba yako na mabati mapana, usilipe doo mob juu ya asilimia mbili tatu za kujigamba. Lakini kama uko kwa ploti na umepewa kakona ka paa, ama utaweka paneli kwa balkoni, hapo ufanisi ni kila kitu. Chukua monokristali, zile nyeusi, ambazo siku hizi zinacheza asilimia 20 hadi 23. Polikristali, zile za rangi ya bluu yenye mabakamabaka, mara nyingi ni 15 hadi 17. Ukipata poli kwa bei poa na una nafasi, hakuna dhambi.

Mtihani wa tepu

Hii ndiyo silaha yako ya kwanza. Pima urefu na upana wa paneli kwa mita, zidisha, halafu jibu zidisha na 250. Hiyo ndiyo dari ya paneli ya saizi hiyo, kwa sababu hata paneli kali za madukani hucheza chini ya asilimia 25 ama hapo hapo. Kisayansi, seli ya kawaida ya silikoni haiwezi kupita asilimia 29 hivi, kwa hivyo mtu akikuambia yake ni 40, mpungie mkono uende zako.

Mfano: paneli ina urefu wa mita 1 na upana wa sentimita 67. Hiyo ni mita 0.67 za mraba. Zidisha na 250, unapata kama wati 168. Stika ikisema wati 140, inawezekana. Ikisema wati 250, omera, hizo ni story za jaba.

Halafu gawanya bei na wati za ukweli. Tuseme hiyo paneli ya "wati 250" inauzwa 5,000. Kwa stika ni bob 20 kwa wati, bei ya kutupa. Lakini kama ukweli ni wati 140, umelipa karibu bob 36 kwa wati. Jirani aliyenunua wati 450 za ukweli kwa 12,000 amelipa bob 27. Nani amepigwa?

Na usidhani huu mchezo umeanza jana. Mwisho wa miaka ya 1990, watafiti walipima paneli ndogo za silikoni ya amofasi zilizokuwa zikiuzwa Kenya. Brandi zingine zilikuwa sawa, zingine zilitoa chini sana ya chenye kiliandikwa, na mnunuzi wa kawaida hakuwa na njia ya kujua. Wewe una tepu.

Geuza paneli, soma mgongo

Paneli yenye haina stika nyuma, iache hapo. Kwa stika tafuta hivi:

1. Pmax: wati za juu kabisa.
2. Vmp na Imp: volti na ampea paneli ikifanya kazi. Zidisha hizo mbili, jibu lazima likaribie Pmax. Volti 34 mara ampea 13.24 ni wati 450. Hesabu ikikataa, stika inadanganya.
3. Voc na Isc: volti na ampea za mwisho. Saa sita mchana jua likiwaka, fundi mwenye mita ya umeme anaweza kuzipima hapo dukani kwa dakika mbili. Usijaribu mwenyewe kama hujui, stima ya sola huchoma.
4. Kiwango cha kupoteza kwa joto: tunakuja hapo.
5. Namba ya siri ya kiwandani: lazima ifanane na ile ya karatasi ya waranti.

Waranti nayo ziko mbili. Moja ni ya paneli yenyewe kuharibika, mara nyingi miaka 12 na kuendelea. Nyingine ni ya nguvu, kwamba baada ya miaka 25 bado itatoa kama asilimia 80 ama zaidi. Muuzaji akisema "miaka 25", muulize ni ipi. Na uangalie kama duka lake litakuwepo mwaka ujao, achana na miaka 25.

Hesabu ya keja

Usinunue paneli kabla ujue unakula stima kiasi gani. Chukua wati za kifaa, zidisha na masaa ya kutumia kwa siku:

- Balbu 5 za wati 7, masaa 5: 175
- TV ya inchi 32, wati 50, masaa 6: 300
- Ruta ya Wi-Fi, wati 10, siku nzima: 240
- Laptopu, wati 60, masaa 5: 300
- Feni, wati 50, masaa 6: 300
- Simu tatu: 45

Jumla ni wati-saa 1,360. Hesabia masaa 5 ya jua kamili kwa siku, kisha toa karibu asilimia 30 ya stima inayopotelea kwa joto, waya, vumbi na inverta. Yaani 1,360 gawanya na 5, gawanya tena na 0.7. Jibu ni wati 389. Paneli moja ya ukweli ya 450 inabeba hiyo keja, na kidogo inabaki ya siku ya mawingu.

Friji ikiingia, hesabu inapanda sana. Pasi, kettle na shawa ya moto usiziingize kabisa, waachie Kenya Power.

Jua la Kisumu lina tabia zake

Kwanza, joto. Watu hudhani jua kali la Kisumu ndilo raha ya paneli. Paneli inataka mwanga, joto inachukia. Juu ya mabati seli zinaweza kufika nyuzi 60, yaani 35 zaidi ya kipimo cha kiwandani. Paneli inayopoteza asilimia 0.40 kwa kila nyuzi itashuka asilimia 14. Ile ya 0.30, kama nyingi za aina ya TOPCon, inashuka 10.5. Kwa hivyo kwa ziwa letu hiyo namba ndogo ya joto ina maana kuliko asilimia moja ya ufanisi. Pia mwambie fundi aache nafasi ya kama sentimita 10 kati ya paneli na mabati, hewa ipite.

Pili, mwelekeo. Ikweta inapita hapo Maseno, kwa hivyo kuangalia kaskazini ama kusini kwetu karibu ni sawa. Inamisha nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi. Lakini mvua ya Kisumu inapenda kuja alasiri na jioni, kwa hivyo kama paa lako lina mteremko wa mashariki na wa magharibi, chagua mashariki ukule jua la asubuhi.

Tatu, kivuli. Seli zimefungwa kwa mstari, moja ikizibwa inaweza kukaba kundi lake lote. Kivuli cha tangi la maji, dishi la TV ama mwembe wa jirani kinaweza kukula stima nyingi kuliko saizi yake. Panda juu uangalie saa tatu, saa sita na saa tisa kabla kitu chochote kifungwe.

Nne, radi. Kanda ya ziwa radi si mchezo. Dai waya wa kuingia ardhini na kifaa cha kuzuia mshtuko wa radi.

Pahali stima huibiwa kimyakimya

Unaweza kununua paneli moto halafu ukaharibu mchezo na chaji kontrola ya bei rahisi. Kontrola ya PWM huburuta volti za paneli zishuke hadi za betri. Ile paneli yetu ya volti 34 na ampea 13.24, ikifungwa kwa betri ya volti 12 kupitia PWM, inakupea kama wati 170 pekee. Umelipia 450! MPPT hubadilisha zile volti za ziada kuwa ampea, na hapo unapata karibu zote. Kwa mfumo huu tafuta MPPT ya ampea 40. Paneli ndogo ya volti 18 kwa betri ya 12, PWM inatosha.

Betri nayo: lithiamu ya ampea-saa 100 inakupea kama wati-saa 1,100 za kutumia. Betri ya asidi ya saizi hiyo hiyo unafaa kuitumia nusu tu, kama 600, la sivyo inakufa mapema.

Fundi, karatasi na mwenye ploti

Mafundi wa sola Kenya hupewa leseni na EPRA, madaraja T1, T2 na T3 kulingana na ukubwa wa kazi. Uliza daraja na namba, halafu uhakikishe na EPRA wenyewe. Fundi halali hawezi kukasirika ukiuliza. Lipa kwa risiti yenye aina ya paneli, wati na namba ya kiwandani, na ubakishe kadoo ka mwisho hadi uone mfumo ukifanya kazi mchana na usiku.

Kama umepanga, ongea na mwenye ploti kabla fundi atoboe bati hata moja, na makubaliano yaandikwe: paneli ni za nani, zikitolewa nani anaziba mashimo. Tumia skrubu za kufunguka, weka waya nje ya ukuta. Paneli nzuri inaishi miaka 25 na wewe hutakaa hiyo keja miaka 25. Siku ya kuhama ifunguke, ipande pickup na kitanda chako, iende kazi pahali pengine.