Sayyida Salme: ndoa na dini siku moja

Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Alipendana na Mjerumani, Heinrich Ruete, akaondoka Unguja mwaka 1866. Tarehe 30 Mei 1867, huko Aden, alibatizwa jina la Emily na siku hiyo hiyo akaolewa. Mwaka 1870 mume alifariki Hamburg, akamwachia watoto watatu wadogo. Salme hakurudi katika Uislamu, ila aliandika mwenyewe kwamba amekuwa Mkristo mbaya. Sisi mafundi, gauni la haraka tunaliweza. Dini haitaki haraka ya harusi. Dada, uulize moyo wako kabla ya kuolewa. Mume anaweza kutangulia, imani ukabaki nayo peke yako.